Mbuzi Kumi na Wawili na Baiskeli Moja

Nilifundisha darasa la tano kwa miaka mingi hapa Kasongo, na kazi hiyo iliniachia maradhi mawili: mgongo, na tabia ya kusahihisha. Mgongo umepata nafuu tangu uliponistaafisha mapema. Tabia ya kusahihisha imezidi. Nasahihisha mabango ya maduka, nasahihisha matangazo ya parokia, na mwaka jana nilimsahihisha imamu wa mtaa wetu hesabu ya siku za mwezi, mimi mwanamke Mkatoliki, naye akanishukuru kwa upole ambao mpaka leo unanitia haya. Basi mama mkubwa wangu aliponitumia ujumbe kutoka Kabambare kwamba anatafuta karatasi, sikuuliza ni karatasi gani. Nilivaa miwani.

Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu. Walizaliwa tumbo moja, kila mmoja na baba yake. Baba wa mama yangu alikuwa katekista, mtu mwembamba wa suruali iliyopigwa pasi. Baba wa mama mkubwa alikuwa mzungu mwenye shamba, yule aliyemiliki kilima kizima cha kahawa na michikichi upande wa Kabambare wakati wa Wabelgiji. Bibi yangu aliishi naye katika nyumba ya matofali juu ya kilima hicho na kumzalia mtoto mmoja. Uhuru ulipokaribia, mzungu aliondoka na masanduku mawili, akisema anakwenda kuonana na daktari wa meno. Hajarudi. Wakati huo mama mkubwa alikuwa bado na meno ya utoto. Leo anatembea na fimbo, amebakiwa na meno manne, na ukimuuliza habari za baba yake anakujibu kwamba matibabu yamechukua muda.

Shida ilianza na saruji. Mjomba wetu, mkubwa wa ukoo wa bibi, aliamua kwamba kiangazi hiki makaburi yote ya ukoo yajengewe. Kwa kuzaliwa yeye ni mtoto wa kaka yake bibi, lakini kwetu mtoto wa kiume hukalia kiti cha baba yake, kwa hiyo ni mjomba wa sisi sote, hata wa mama mkubwa ambaye angeweza kumbeba mgongoni. Ni mtu mwema mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto, na huitumia sauti hiyo hata kuomba chumvi mezani. Juu ya kaburi la kila mwanamke alitaka yaandikwe maneno mawili, "Muke wa", kisha jina la bwana. Kwa bibi, jina lilikuwa la babu yangu katekista.

Mama mkubwa alikataa. Alisema mama yake aliolewa kwanza na baba yake, na kama ni kuandika, waanze mwanzo. Mjomba akacheka mbele ya watu waliokuwa wakichekecha mchanga.

"Dada, usituchokeshe. Kule ku kilima hakuolewa. Alikala tu."

Alikaa tu. Kwetu hilo si neno dogo. Mwanamke aliyekaa tu ni yule aliyeingia nyumbani mwa mwanaume bila hata mbuzi mmoja kuvuka njia kwenda kwa wazazi wake. Mama mkubwa ameambiwa neno hilo kisimani, ameambiwa shuleni kwa miezi michache aliyosoma, aliambiwa na mama mkwe wake siku ya arusi yake mwenyewe. Alikuwa amezoea kuambiwa na watu wengine. Kuambiwa na mjomba, mbele ya kaburi la mama yake, hakukuzoea. Ndipo akanitumia ujumbe: tafuta karatasi inayosema mama yangu aliolewa na baba yangu. Hilo tu. Nikifa baada ya hapo, mtafanya mnavyotaka.

Nitasema kweli: moyoni nilikuwa upande wa mjomba. Babu na bibi yangu walifunga ndoa kanisani, mbele ya padri, na picha ninayo sebuleni, babu ameshika kofia kama ameiazima. Sasa kama bibi alikuwa na bwana wa kwanza, mama yangu alikuwa nani? Na mimi je, niliyewafundisha watoto wa watu maadili kwa miaka yote ile? Nilikwenda kutafuta karatasi kama mtu anayekwenda kufunga dirisha linaloingiza upepo. Niliamini nitarudi na jibu fupi, la heshima, na mama mkubwa atanyamaza.

Nilianzia mahali pepesi, parokiani. Padri alinitolea daftari la ndoa lenye harufu ya popo, akaniacha nalo kwenye meza ya vyombo vya misa. Kabla ya saa moja kwisha nilikuwa nimemwona babu, na pembeni yake bibi, na mbele ya jina la bibi, kwa mwandiko mzuri sana wa padri wa zamani, maneno yaliyosema kwamba ni msichana, hajapata kuolewa. Nilinakili kwa kalamu ya wino. Nilipiga mstari chini ya "hajapata" kwa rula. Hata rula nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Safari ya Kasongo hadi Kabambare kwa pikipiki humtoa mtu kiburi chote kwa njia ya kiuno, lakini changu kilifika kikiwa kizima. Nilimkuta mama mkubwa amekaa kizingitini akipepeta mchele, nyuma yake cherehani kuukuu ya marehemu bibi, iliyofunikwa kwa kitambaa cha maua. Nikamsomea. Nilisoma taratibu, kwa sauti ya darasani. Nilipomaliza alichambua mawe matatu, akayatupa moja moja.

"Nani aliambia padri vile?"

"Labda bibi mwenyewe, mama mukubwa."

"Na wee ungesema nini? Umesimama mbele ya padri, bwana mupya iko pembeni, mutoto wa muzungu anakushika ku kikwembe. Ungesema, 'Ndiyo padri, mie niko na bwana, alienda kwa daktari wa meno'?"

Akanigeuzia mgongo akaendelea na mchele. Sijawahi kuona mgongo wa mwanamke mzee unaolia, na sipendi kuuona tena. Nikaikunja ile nakala yangu yenye mstari wa rula na kuitia mkobani, nikijiona mjinga kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumpigisha magoti.

Nililala kwa mjomba. Nyumbani kwake, sebuleni, inaning'inia baiskeli isiyo na matairi wala mnyororo, imefungwa kwa waya kwenye boriti, na kila mwaka kabla ya Pasaka mjomba huipaka mafuta ya mawese. Ilikuwa ya babu yake, baba wa bibi, baiskeli ya kwanza katika vijiji vile. Jina lake ni Shemeki. Tangu utoto nimeisikia ikiitwa hivyo, shemeji, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la kiwanda kilichoitengeneza. Asubuhi mjomba alinionyesha tena, kama anavyowaonyesha wageni wote.

"Uliona, Mwalimu? Shemeki iko palepale. Ile chuma haifi."

Nilimsifu Shemeki, nikapanda pikipiki kurudi Kasongo. Nilikuwa nimekata shauri. Sasa nilitaka kuijua karatasi ya kweli, hata kama haitanipendeza.

Katika ofisi ya ardhi nilimkuta karani aliyewahi kukaa mbele yangu darasani, benchi la nyuma, mtoto wa kuandika namba tano kinyumenyume. Sasa ana tai. Aliniomba niandike barua ya maombi, nikaiandika. Akaigonga mhuri bila kuisoma, nikamwambia asome kwanza. Akaisoma, akaigonga mara ya pili. Kisha akaingia chumba cha nyuma, na kwa siku tatu nikawa nasikia tu chafya zake. Siku ya nne akatoka na jalada la kilima, limefungwa kwa kamba ya katani, na mchwa wamekula pembe moja kwa ustadi mkubwa.

Hivyo ndivyo nilivyoijua ile familia ya wenye shamba, kwa karatasi nne. Watu wale waliandika kila kitu. Sisi mtu akifa tunabishana kuhusu masufuria. Wao walikuwa wamekwisha kuandika hata nani apate kijiko cha kuvalia viatu.

Karatasi ya kwanza ilikuwa hati ya kilima. Afisa wa serikali alikuja, akawauliza wenyeji kama wanaachia haki zao, wakasema ndiyo, na kwa kuachia wakapewa mbuzi kumi na wawili, magunia mawili ya chumvi na baiskeli moja. Chini, dole gumba la baba wa bibi, jeusi, lenye kovu la mshazari katikati. Karatasi ya pili ilikuwa wosia wa mzungu, aliouandika kwao Ulaya akiwa mgonjwa, na si wa meno. Kilima alimwachia mdogo wake. Ya tatu ilikuwa cheti cha ndoa: baada ya kuondoka huku alioa mwanamke wa kwao. Ya nne ilikuwa barua ya mdogo mtu akiuliza kama kilima kina barabara. Nadhani alijibiwa, kwa sababu hakuandika tena.

Wosia ule ulinikasirisha. Katikati yake, baada ya saa ya ukutani na bunduki, kulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba cherehani abaki nayo mwanamke aliyetunza nyumba yangu kule, na mtoto wake. Mtoto wake. Si mtoto wangu. Mtu aliyekumbuka kijiko cha viatu alikosa herufi chache za kumpa binti yake. Nilifunga jalada, nikamwambia karani kwamba hewa ya mle ndani mbaya, nikatoka nje kusimama juani.

Nikarudi Kabambare na nakala za karatasi zote nne. Kiuno changu kilikuwa kimeanza kuwajua madereva wa pikipiki kwa majina. Mama mkubwa alifunga mlango, akakaa karibu na cherehani, akasema nisome yote. Zimeandikwa Kifaransa, kwa hiyo nilikuwa nikitafsiri huku nasoma. Nilipofika kwenye ule mstari wa wosia, mimi niliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kudanganya katika kusoma, nilisoma hivi: cherehani abaki nayo mke wangu, na mtoto wangu.

Mama mkubwa aliinua kidole.

"Soma ile tena."

Nikaisoma tena, upesi zaidi.

"Wee mutoto. Ukisomaka mambo ya kweli unapumua katikati. Ile haukupumua. Aliandika nini?"

Nikamwambia. Aliweka mkono juu ya cherehani, akaupitisha kwenye kitambaa kama anafuta vumbi, ingawa vumbi halikuwapo. Nikatamani mchwa wangeanzia kwenye ukurasa ule. Halafu akauliza ile karatasi nyingine, ya ndoa ya Ulaya, ilikuwa kabla au baada.

"Baada, mama mukubwa. Alimuoa kisha kutoka huku."

"Basi yule iko muke mudogo," alisema. "Mama yangu njo mukubwa. Alipashwa kuja kumusalimia."

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Lakini alipokwisha kucheka akaniambia nisome tena ile hati ya kilima, sehemu ya vitu. Nikasoma: mbuzi, chumvi, baiskeli. Akasema mama yake alikuwa na hadithi moja. Siku mzungu alipoleta vitu, baba yake bibi alirudi nyumbani na dole gumba lenye wino, akakataa kulinawa kwa siku tatu, kwa sababu alikuwa amelitia mahali pawili na hakujua kama huko hawatalihitaji tena.

"Mahali pawili," alisema mama mkubwa. "Pa kwanza umepaona. Enda kutafuta ya pili. Enda ku sekteri."

Ofisi ya sekta ndiyo iliyokuwa na baraza la mila zamani, na baraza hilo liliandikisha ndoa za kwetu na mahari yake, ili watu wakigombana baadaye pawepo pa kutazama. Madaftari yamo katika sanduku la bati. Sekretari wa sekta, mzee mtulivu mwenye sweta wakati wa joto, hakuniomba barua. Aliniomba nimsaidie kubeba sanduku. Tulikaa chini pande mbili za sanduku, yeye na daftari lake, mimi na langu, tukisomeana ndoa za watu waliokwisha kufa, na kila mara akitaja mahari kubwa alipiga mluzi.

Ni yeye aliyeliona. Aliacha kupiga mluzi, akanipa daftari. Jina la bibi. Jina la mzungu, limeandikwa vibaya, nikalisahihisha kichwani. Mahari: mbuzi kumi na wawili, magunia mawili ya chumvi, baiskeli moja. Siku ileile na mwezi uleule wa hati ya kilima. Na dole gumba lilelile, na kovu lake la mshazari.

Mbuzi walewale. Asubuhi wameandikwa kwa afisa kwamba wamenunua kilima, alasiri wameandikwa kwa sekretari kwamba wameoa msichana. Yule mzungu alikuwa bahili au alikuwa mjinga, sijui. Huenda alidhani ameleta mbuzi kwa ajili ya kilima, na wakwe zake wakadhani wameletewa kwa ajili ya binti, na kila upande ukatia sahihi karatasi ya mwenzake kwa adabu tu. Nilifurahi kiasi cha kumshika mkono sekretari na kuutikisa. Kisha furaha ikapoa kidogo, kwa sababu nilianza kuhesabu upande wangu, na hesabu haikukaa vizuri. Nikaamua kutomwambia mtu.

Mjomba aliita kikao Jumapili baada ya misa, kwenye baraza ya nyumba yake. Walikuja watu wa ukoo kama ishirini, wakakaa kwenye mikeka na madumu. Nilizisoma karatasi zote mbili, na safari hii nilipumua katikati. Watu wakanong'ona. Mjomba alikuna kidevu.

"Mwalimu, karatasi yako inasema mbuzi zilioa bibi yako. Karatasi ingine, nayo yako, inasema mbuzi zilinunua kilima. Mbuzi haiwezi kufanya kazi mbili. Tuamini gani?"

Alikuwa na haki. Siku mbili nilikuwa nimejipongeza, na mtu asiye na miwani ameliona tundu kwa mara ya kwanza aliposikia. Nilimtazama mama mkubwa nikitaraji kuuona ule mgongo tena. Badala yake alijiinua kwa fimbo yake, taratibu, akaelekeza ncha ya fimbo ndani ya nyumba.

"Mujomba, ile chuma yenye inaning'inia mu nyumba yako, jina yake nani?"

"Shemeki!" alijibu mjomba, kwa sauti ya ng'ambo ya mto, kabla hajafikiri.

"Shemeki ya nani?"

Ndipo nami nikakumbuka kitu ambacho nimeishi nacho maisha yangu yote. Katika ukoo wetu kitu cha mahari kisicholiwa, kinachobaki nyumbani, huitwa kwa cheo cha aliyekileta. Nilipoolewa mimi, bwana wangu alileta sufuria kubwa, na mpaka leo jikoni kwa mjomba sufuria hiyo huitwa Shemeki wa Kasongo. Nimekula wali uliopikwa ndani yake mara nyingi. Hakuna mtu anayeita shemeji kitu alicholipwa kwa kuuza shamba. Ukoo wenyewe ulikwisha kujibu, zamani, na kila Pasaka ulikuwa ukilipaka jibu lake mafuta ya mawese.

Mjomba alitazama ndani, akaitazama baiskeli kana kwamba imemsaliti. Kisha akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka mabega yakatetemeka. Akamwendea mama mkubwa, akapiga goti moja mbele yake kwa shida, kwa sababu na yeye ana magoti yake.

"Dada, nilisema vibaya. Aliolewa. Kweli aliolewa."

Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nilijua akisema atalia, na hakutaka kuwapa watu wa madumu furaha hiyo.

Mjomba alipoinuka alikuwa amepata nguvu mpya. "Basi kilima hakikuuzwa! Kilima iko yetu!"

"Na siku zote mulikuwa munalima wapi?" aliuliza mama mkubwa. Watu wakacheka, kwa sababu kila mmoja wao ana mihogo yake juu ya kilima kile tangu mzungu aende kwa daktari wa meno.

Hapo mjomba akanigeukia. Niliiona inakuja.

"Ngojea, Mwalimu. Mbuzi zilioa, sawa. Nani alizirudisha?"

Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nimeificha. Mila yetu iko wazi: mwanamke akiachana na bwana, wazazi wake hurudisha mahari. Isiporudishwa, bado ni mke wa yule wa kwanza, na watoto atakaowazaa kwa mwingine yeyote huhesabiwa ni wa yule wa kwanza. Mbuzi wale hawakurudishwa. Ukoo wa mjomba ulikuwa umewala, na babu yangu katekista alipoleta wake, wakawala nao pia.

"Kwa hiyo marehemu mama yako," mjomba aliendelea, akihesabu kwa vidole na kufurahia kila kidole, "iko mutoto wa muzungu. Na wee, Mwalimu wetu wa Kasongo, mwenye ndoa ya kanisa sebuleni, uko mujukuu wa muzungu!"

Baraza lote lilipiga makofi. Mwanamke mmoja alinisalimu "bonjour" na kuniuliza shamba letu linaendeleaje. Mwingine alitaka kujua kama meno ya babu yamepona. Nilijaribu kueleza kwamba sakramenti ni kitu tofauti, nikasikia sauti yangu ya darasani inapanda juu, na nikanyamaza mwenyewe. Nilichomwa na karatasi nilizozisafiria, na nilistahili.

Mjomba, ambaye ni mwema, aliniona nimenywea. Akasema jambo lina dawa. Ukoo utarudisha mbuzi kumi na wawili leo hii, ingawa umechelewa, na ndoa ile itakuwa imekwisha, na Mwalimu atarudi kuwa mjukuu wa katekista. Warudishwe kwa nani? Kwa nani mwingine kama si mtoto pekee wa yule bwana, mama mkubwa. Na kaburini tutaandika jina la katekista, bila ugomvi. Wote wakakubali kwamba ni hekima. Nami nilikubali, nilikubali upesi sana.

Mama mkubwa alisema atajibu kesho, kaburini.

Asubuhi tulikuta wamekwisha kumwaga saruji juu ya kaburi la bibi na kuilainisha. Mjomba alinipa msumari niandike, maana mwandiko wangu ndio mzuri. Nikainama, mgongo ukilalamika, nikaandika jina la bibi. Kisha nikaandika M, nikasimama.

"Futa ile," alisema mama mkubwa. "Usiandike muke wa nani. Andika: aliolewa. Inatosha."

Mjomba aliifuta M kwa mwiko. Nikaandika ALIOLEWA, kwa herufi kubwa, kama nilivyokuwa nikiandika ubaoni siku ya kwanza ya mwaka. Mama mkubwa hajui kusoma, lakini alizihesabu herufi kwa ncha ya fimbo, zote nane, akasema ni nyingi, ni vizuri.

"Na mbuzi, dada?" aliuliza mjomba. "Nilete leo?"

"Mbuzi zako, baki nazo. Mahari hairudi. Shemeki akae palepale mu nyumba yako."

"Mama mukubwa," nilisema, "na mie je? Nibaki hivi?"

Alinitazama, kisha akanishika mkono wenye msumari. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na wangu umejaa saruji.

"Tangu kuzaliwa niko peke yangu mu ile jamaa. Hakuna ndugu, hakuna mutoto wa ndugu, mie tu na cherehani. Leo tuko wawili. Unataka kunilipa mbuzi ili uniache?"

Nilisema hapana. Ilinibidi kuvua miwani.

"Basi kamata ndoo, mujukuu wa muzungu," alisema. "Saruji inakauka."

Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.